Kutengeneza taya la kukamatia kwenye ndoo ya loda: anza na trekta, taya lije mwisho

Shamba la mkonge likizeeka, kung'oa ndiyo kazi nyepesi. Trekta likipita na jembe zito, mashina yanalala chini kwa siku chache. Kinachomaliza pesa na migongo ya watu ni kuyakusanya. Shina limejaa maji, limeng'ang'ania udongo kwa mizizi, ni la mviringo, na majani yaliyobakia yana miba migumu kwenye ncha. Ukilisukuma kwa ndoo ya loda, ile mikono ya kuinulia iliyofungwa mbele ya trekta, linabingirikia pembeni. Ukichota matano, mawili yanadondoka kabla hujafika kwenye lundo. Hapa Korogwe nimeona vibarua wanane wakitembea nyuma ya loda kazi yao kuokota kilichodondoka, na siku hiyo ndiyo nilianza kufikiria taya.

Taya ninalolisema ni mkono wa chuma wenye kucha unaokaa juu ya ndoo ya kawaida na kufunguka na kufunga kwa silinda ya haidroliki, ile ambayo mafundi wengi huiita jeki. Ndoo inakuwa taya la chini, mkono unakuwa la juu. Linabeba mashina ya mkonge, visiki, magogo, matawi, na wafugaji hulitumia kwa samadi yenye majani marefu ambayo ndoo peke yake haiwezi kuishika.

Nimetengeneza matatu mpaka sasa. La kwanza liliharibu ndoo ya mteja wangu. Nilikuwa nimepata silinda ya kijiko (mashine ya kuchimbia) kilichokufa, kipenyo cha ndani milimita 80, nikaona ni bahati, nikajenga taya kuifuata. Siku ya pili ya kazi ukingo wa juu wa ndoo ulikuwa umekunjamana kama ukosi wa shati. Silinda nzima, kucha nzima, pini nzima. Nilikaa na karatasi jioni ile nikapiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga mwanzo, na nitakuonyesha hesabu hiyo hapa, kwa sababu ndiyo moyo wa kazi yote. Swali la kujiuliza kwa kila kipande utakachokata ni moja: nguvu ikishafika hapa, inaenda kuishia wapi?

Kwa hiyo tunaanzia nyuma. Kwanza trekta, halafu loda, halafu ndoo, halafu silinda. Kucha, ambazo kila mtu anataka kuanza nazo kwa sababu ndizo zinazoonekana, zinakuja karibu na mwisho.

Hatua ya kwanza: jua trekta lako linabeba nini

Usiamini kibandiko cha loda, hasa kama trekta lina miaka thelathini na pampu haijafunguliwa. Pima. Tafuta mapipa ya lita 200 yasiyovuja. Pipa moja likijaa maji ni kama kilo 220 pamoja na uzito wa pipa lenyewe, na ndoo ya upana wa mita 1.8 inapokea matatu yakiwa wima. Yafunge kwa mnyororo, simama mahali tambarare, inua ndoo sentimita 20 tu kutoka ardhini, na mtu mwingine asimame mbali pembeni akiangalia matairi ya nyuma. Anza na pipa moja, na kila mzigo ukipanda bila shida na matairi ya nyuma bado yamekaa chini kwa uzito, ongeza pipa jingine au mifuko ya mchanga uliyoipima, mmoja mmoja. Simama pale ama loda inapokataa ama matairi ya nyuma yanapoanza kuwa mepesi. Linalotangulia kati ya hayo mawili ndilo kikomo chako.

Kwenye matrekta ya zamani yanayovutwa na magurudumu ya nyuma tu, mara nyingi kinachotangulia ni matairi. Ekseli ya mbele ya trekta la namna hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya kukata kona, haikutengenezwa kubeba ndoo iliyojaa magogo. Weka uzito nyuma kabla ya kufikiria kingine chochote. Pipa la lita 200 lililojazwa zege lina karibu kilo 480, kwa kuwa zege ni karibu mara mbili na nusu ya maji. Wengi linawatosha nusu pipa. Lisuke kwa nondo ndani, uache masikio ya kulishikiza kwenye mikono mitatu ya nyuma, ile inayoshika jembe. Kujaza maji matairi ya nyuma mpaka robo tatu kunasaidia pia, na uzito huo hauongezi mzigo kwenye beringi za ekseli ya nyuma kwa sababu unakaa ndani ya tairi lenyewe.

Sasa toa uzito wa taya kutoka kwenye kikomo ulichopata. Taya ninaloeleza hapa linafika karibu kilo 80 pamoja na silinda na uimarishaji wa ndoo. Kama loda yako ilikomea kwenye kilo 400, umebakiwa na 320 za mzigo, na mzigo wenyewe mara nyingi unachomoza mbele ya ndoo, kwa hiyo hesabu pungufu zaidi. Kama ilikomea kwenye 250, usitengeneze taya hili. Tengeneza jepesi la ukucha mmoja, au uendelee kutumia mnyororo. Nimewahi kumwambia mteja hivyo na hakufurahi, lakini trekta lake bado linatembea.

Hatua ya pili: silinda, na hesabu ya jioni ile

Utahitaji geji ya presha. Azima kama huna. Iunganishe kwenye njia utakayotumia, vuta leva mpaka mafuta yakwame, soma. Matrekta mengi yanatoa kati ya baa 150 na 200. Nitatumia 180 kwenye mifano.

Baa moja ni takriban kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Silinda ya kipenyo cha ndani cha milimita 50 ina uso wa sentimita za mraba 19.6, kwa hiyo ikisukuma kwa baa 180 inatoa kama kilo 3,500. Ikivuta inatoa pungufu, kwa sababu rodi, ile fimbo ya chuma inayotoka na kuingia kwenye silinda, imekula sehemu ya uso. Rodi ya milimita 25 inabakiza sentimita za mraba 14.7, yaani kilo 2,650 hivi. Ndiyo maana tunapanga silinda ifunge taya kwa kusukuma na ifungue kwa kuvuta. Kufungua hakuhitaji nguvu.

Sasa mpangilio. Taya lina egemeo, yaani mahali linapozungukia, kwenye ukingo wa juu wa ndoo. Mbele ya egemeo kuna kucha za urefu wa milimita 800. Nyuma ya egemeo kuna mkia mfupi wa milimita 200. Silinda inakaa mgongoni mwa ndoo, chini, na kuusukuma mkia juu. Mkia ukipanda, kucha zinashuka. Nguvu kwenye ncha ni kilo 3,500 mara 200 gawanya kwa 800, yaani kilo 875. Inatosha kabisa. Mashina ya mkonge hayahitaji hata nusu yake, na gogo la kilo 300 halitachomoka.

Lakini angalia egemeo. Mkia unasukumwa juu kwa kilo 3,500. Kucha nazo, kwa kuwa zinabana mzigo, zinasukumwa juu kwa kilo 875. Egemeo ndilo linalozuia taya lote lisiruke, kwa hiyo ukingo wa ndoo unavutwa juu kwa jumla ya zote mbili, kilo 4,375. Mara tano ya nguvu ya kung'ata! Kwa silinda yangu ya milimita 80, hesabu ilikuwa kilo 9,000 za kusukuma na zaidi ya 2,200 za kung'ata, na ukingo wa bamba la milimita 5 uliulizwa kubeba kilo zaidi ya 11,000. Ulijibu kwa kukunjamana.

Basi chagua ya milimita 50, yenye mwendo (urefu ambao rodi inatoka) wa milimita 250. Mwendo nao una hesabu yake. Kwa mkia wa milimita 200, silinda ya mwendo wa 250 inazungusha taya kama nyuzi 77, na ncha za kucha zinafunguka karibu mita moja. Ya mwendo wa 200 inazungusha nyuzi 60 tu, na utajikuta unatafuta pembe ya kuingiza kisiki kikubwa. Ukitaka nyuzi 90 kamili inabidi mwendo wa 283, ambao dukani hauupati, na hauhitaji.

Kuna jambo moja wengi hulisahau. Mkia hausukumwi kwa nyuzi 90 muda wote. Taya likiwa limefunguka mwisho au limefungwa mwisho, silinda inausukuma kwa mshazari, na urefu wake wa kazi unashuka kutoka 200 hadi kama 156. Nguvu kwenye ncha inashuka nayo hadi kilo 680. Panga silinda iwe mraba na mkia taya likiwa katikati ya mwendo, hapo nguvu kubwa inaangukia kwenye mizigo ya ukubwa wa kawaida.

Hatua ya tatu: likate kwanza kwenye boksi

Chukua boksi la jokofu au la televisheni kubwa. Chora upande wa ndoo yako kwa ukubwa wake halisi, na ndoo ya kweli ikiwa mbele yako upime kwa futi na skwea. Kata taya la boksi, mkia wake ukiwa juu yake, lipachike kwa msumari kwenye egemeo. Silinda itengenezee vipande viwili vya mbao vinavyoteleza, uviwekee alama ya urefu ikiwa imefunga na ikiwa imefunguka. Pima silinda yenyewe uliyoinunua, tundu hadi tundu, usitumie namba ya kwenye karatasi.

Zungusha taya la boksi na uangalie mambo haya. Ncha za kucha zinapofunga ziishie ndani ya ndoo, nyuma ya mdomo wa kuchimbia kwa sentimita kama 10, ili ukikwangua ardhi taya likiwa limefungwa, kucha zisilime. Kati ya ncha na sakafu ya ndoo ubaki uwazi wa milimita 40, na silinda iwe imefika mwisho wake hapo. Ukiacha kucha zikutane na sakafu kabla silinda haijaisha, kila mara utakapofunga ndoo tupu utakuwa unaitoboa pole pole.

Kisha nenda kwenye trekta lenyewe na boksi lako. Kunja ndoo nyuma mpaka mwisho, imwage mbele mpaka mwisho, inue, ishushe. Silinda na mkia viko mgongoni mwa ndoo, na huko ndiko kuna mikono ya loda na silinda zake za kukunjia. Nilipata kukata mkia upya kwa sababu niliangalia ndoo ikiwa chini tu. Ilipokunjwa ikiwa juu, mkia ulikuwa unaingia kwenye bomba la kati la loda. Boksi lingeniambia.

Hatua ya nne: mbavu za mgongoni

Hapa ndipo uweke akili na pesa yako. Rudi kwenye zile kilo 4,375. Kilo 3,500 kati yake zinatoka kwenye silinda, na silinda hiyo hiyo, kwenye kitako chake, inasukuma chini kwa kilo 3,500. Nguvu hizo mbili ni sawa na zinaelekea pande tofauti. Ukiziunganisha kwa chuma kimoja zinamalizana zenyewe, na bamba la ndoo halizijui kabisa.

Kwa hiyo kata mbavu mbili za bamba la milimita 12, upana milimita 80. Ziteremke mgongoni mwa ndoo kutoka ukingo wa juu hadi chini, zikiachana milimita 520. Juu, kila ubavu uwe na sikio lenye tundu la egemeo. Chini, ziunganishe kwa chaneli ya U ya milimita 100 kwa 50, na katikati ya chaneli hiyo ndipo kitako cha silinda kinakaa. Sasa silinda inapousukuma mkia, mbavu zinavutika kama kamba kutoka chaneli hadi egemeo, na kinachobaki kwa ndoo ni zile kilo 875 za kung'ata. Hizo zisambaze kwa chaneli nyingine ya U inayolala kwenye ukingo wa juu, upana wote wa ndoo.

Kitako cha silinda kikae kwenye ndoo. Narudia kwa sababu nimeona taya la mtu lililoshikizwa kwenye mikono ya loda: kila alipomwaga ndoo, taya lilijifunga au kujivunja. Taya, silinda na ndoo vyote viwe familia moja inayotembea pamoja.

Hatua ya tano: kucha na bomba la egemeo

Taya lenyewe ni bomba zito la kipenyo cha nje milimita 89, ukuta milimita 6, urefu 500. Linakaa kati ya yale masikio mawili. Ncha zote mbili zimechomelewa ukucha mmoja mmoja, na katikati mabamba mawili ya mkia yanayoikumbatia silinda. Usitumie bomba la maji. Ukuta wake ni mwembamba, na ukucha mmoja ukikamata peke yake bomba linasokotwa.

Kucha nazo zina hesabu fupi. Chukulia baya zaidi: gogo limekaa upande mmoja na ukucha mmoja unabeba kilo zote 875. Kwa mkono wa sentimita 80 hiyo ni kilo-sentimita 70,000 (kilo mara sentimita) kwenye shina la ukucha. Uwezo wa bamba kukataa kukunjika unaupata kwa unene mara kina mara kina, gawanya kwa 6. Bamba la sentimita 1.2 lenye kina cha sentimita 15 linatoa 45. Gawanya 70,000 kwa 45, unapata kilo 1,555 kwa sentimita ya mraba. Chuma laini cha kawaida kinaanza kukunjika moja kwa moja kwenye 2,500 hivi. Tupo salama, na nafasi imebaki.

Fanya hesabu hiyo hiyo kwa nondo ya milimita 25, ambayo watu wanaipenda kwa sababu iko kila mahali. Kwa kuwa ni ya mviringo kanuni yake ni nyingine kidogo, na inatoa 1.5 tu. Nondo tano sambamba hazifiki hata 8. Nondo ziache kwenye zege.

Kwa hiyo kata kila ukucha kutoka bamba la milimita 12, kina milimita 150 kwenye shina, kikipungua hadi 50 kwenye ncha. Ukatie umbo la mpindo wa taratibu kama mundu. Kona za ndani ziwe za mviringo, kwa kuwa ufa huanzia kwenye kona kali, na alama za kukata kwa gesi zisawazishwe kwa grainda kwa sababu hiyo hiyo. Unganisha kucha mbili kwa vipande viwili vya bomba la milimita 48, kimoja katikati na kimoja theluthi kabla ya ncha. Hivyo ukucha mmoja ukibanwa upande, mwenzake unausaidia.

Kuhusu springi za lori. Kila fundi huwa na rundo lake uani na kila mteja anauliza kwa nini tusizitumie, chuma kile ni kigumu! Ni kigumu kwa sababu kina kaboni karibu asilimia 0.6, na hiyo ndiyo inayokifanya kipasuke pembeni ya weldi inapopoa haraka. Leo weldi ni nzuri, wiki ijayo ukucha umeanguka na ufa wake unang'aa kama kioo. Ukitaka kuzitumia, kata vipande vifupi uvifunge kwa boliti kwenye ncha za kucha kama meno. Vitakaa muda mrefu na vikiisha unabadilisha.

Hatua ya sita: kuchomelea

Kabla rodi ya kuchomelea haijagusa chuma, toa waya wa betri ya trekta, na kama lina oltaneta toa na waya zake. Afadhali zaidi, ng'oa ndoo kabisa uichomelee chini. Kama haiwezekani, bana waya wa ardhi karibu kabisa na unapochomelea, juu ya chuma kilichosafishwa. Umeme ukipita kwenye pini unaunguza bushi, yaani bomba fupi ambamo pini inazunguka, na ukipita kwenye silinda unaacha vidonda kwenye kromu ya rodi yake ambavyo vitakula sili, mpira unaozuia mafuta yasivuje. Silinda yenyewe usiiweke mpaka weldi zote zimepoa.

Rodi za kawaida, 6013, zinafaa kwa kushikiza na kwa vipande visivyobeba. Kwa masikio, mkia na mashina ya kucha mimi hutumia 7018 za milimita 3.2 kwenye ampea 110 hadi 140, kwa mashine ya invata. Mashine nyingi za kusukwa mtaani haziziwashi vizuri. Hizi rodi zinaogopa unyevu, na hewa ya Tanga mnaijua. Pakiti iliyokaa wazi imeshanyonya maji, na maji yanaleta hidrojeni ndani ya weldi na hidrojeni inaleta nyufa. Kuzianika juani hakutoshi, zinataka joto la zaidi ya nyuzi 260 kwa saa moja au mbili. Nunua pakiti ndogo, ifungue siku ya kazi.

Bamba la milimita 12 likate mshazari kwenye kingo kabla ya kuunganisha, ili weldi iingie ndani. Ukichomelea juu juu, unaunganisha rangi tu. Shikiza taya lote kwanza kwa vidoa vya weldi, ingiza shafti ya egemeo, lizungushe kwa mkono. Likizunguka bila kukwama ndipo ujaze, ukibadilisha pande ili joto lisilivute.

Pini na bushi

Shafti ya egemeo iwe ya milimita 30, pini za silinda zifuate matundu yake, mara nyingi 25. Shafti za ekseli za magari ya zamani zinafaa sana, ila usizichomelee. Zizuie zisitoke kwa kibao na boliti ndogo. Mpeleke mkereza vyuma akutengenezee bushi zenye nipo (kitundu cha kutilia grisi), na nipo zielekee mahali mkono unafika. Nipo isiyofikika haitiwi grisi.

Hatua ya saba: mafuta yafike mbele

Njia rahisi na ninayoipendekeza ni kutumia soketi za haidroliki za nyuma, zile za kuinulia trela. Pitisha mipira miwili mirefu ya mafuta hadi mbele, weka kapla (viungio vya kuchomeka na kuchomoa) karibu na ndoo, basi. Wakati wa kazi ya taya huna trela hata hivyo. Tafuta tu namna ya kuisogeza leva ili dereva asigeuke nyuma.

Kama huna soketi hizo, utaongeza valvu, kifaa cha leva kinachoelekeza mafuta, kwenye njia ya mafuta. Hapa watu wamepasua valvu. Matrekta mengi ya zamani yana pampu inayozungusha mafuta muda wote, na valvu zake zimefuatana kama vituo vya basi. Valvu inayotangulia lazima iwe na tundu maalumu la kupeleka presha kwa valvu inayofuata, tofauti na tundu la kurudisha tangini. Ukichukua mafuta ya tundu la tangi na kuyaingiza kwenye valvu ya pili, presha yote inarudi kwenye upande ambao haukujengwa kuibeba. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji akuonyeshe tundu hilo kwa kidole.

Mipira iwe ya tabaka mbili za waya wa chuma, tundu la inchi 3/8. Silinda yetu inakunywa karibu nusu lita ikisukuma hadi mwisho, kwa hiyo pampu ya lita 20 kwa dakika itafunga taya kwa sekunde moja na nusu. Ukiona inafunga kwa kishindo, weka kibana njia cha kupunguza kasi ya mafuta. Ipitishe mipira upande wa ndani wa mikono ya loda, mbali na miba ya mkonge, na uache kitanzi kwenye kila kiungo kinachokunjika. Kisha rudia lile zoezi la boksi: juu, chini, kunja, mwaga, mtu akiangalia kama kuna mpira unaovutika au kubanwa.

Kwenye mdomo wa silinda unaofunga, weka valvu ya kufungia. Mpira ukipasuka gogo likiwa juu, taya halitaachia. Ni kifaa kidogo na ninakataa kumkabidhi mteja taya lisilo nacho.

Siku ya kwanza ya kazi

Fungua na funga taya tupu mara kumi ili hewa itoke, kisha angalia mafuta na uongeze. Tafuta mavujo kwa kipande cha boksi, usitumie kiganja. Mafuta ya presha yanayotoka kwenye tundu dogo kama la sindano yanaingia chini ya ngozi. Kidonda kinaonekana kama kuumwa na mdudu na mtu anaendelea na kazi, kumbe ndani nyama inakufa. Ikitokea, nenda hospitali saa ile ile na uwaambie ni mafuta ya haidroliki, maana huenda ukahitaji kupasuliwa siku hiyo hiyo.

Anza na mzigo nusu ya kikomo ulichopima kwa mapipa. Tembea ndoo ikiwa chini, usawa wa magoti, na uinue unapofika kwenye lundo tu. Gogo refu likiinuliwa juu linaweza kuteremka kwenye mikono ya loda mpaka kwa dereva, na matrekta yetu mengi hayana paa wala vyuma vya kumkinga. Magogo marefu yakamate katikati, na usiyapandishe zaidi ya kifua chako. Vibarua wakae mbali kuliko mwanzo. Kazi ya kutembea nyuma ya loda imekwisha, wapeni nyingine. Na asiingie mtu chini ya ndoo iliyoinuliwa kama haijawekewa nguzo, hata kwa kutia grisi tu.

Usilitumie taya kama sururu. Kuchimbua kisiki kwa kucha zilizofunguka kunarudisha nguvu ya trekta zima kwenye silinda ya milimita 50, na rodi yake itapinda. Chimba kwa mdomo wa ndoo, taya libane.

Baada ya saa kumi za kazi osha kila weldi ya egemeo, mkia na masikio kwa brashi na dizeli, ikaushe, pitisha chaki nyeupe, kisha fanya kazi saa moja uangalie tena. Ufa unajionyesha kama mstari mweusi wa mafuta kwenye chaki. Kwenye taya langu la tatu niliukuta mmoja, urefu wa kucha ya kidole, pale ubavu wa kushoto unapokutana na chaneli ya chini. Niliuchimba wote kwa grainda, nikajaza upya kwa 7018, nikaongeza kipande cha pembetatu kila upande. Huo ulikuwa msimu uliopita wa kusafisha shamba, na mstari haujarudi.